Fondanti Chini ya Kitambaa Kibichi

Juzi tulisoma hitima ya arobaini ya Bibi Mwanaidi, mama yake baba yangu, na nilipofika Bagamoyo asubuhi ya siku hiyo nilimwamkia Shangazi Hadija mlangoni, nikaweka mkoba, nikaingia chumba cha keki badala ya kwenda uani kwa wanawake wenzangu. Uani walikuwa wanamenya viazi vya pilau na kubishana kama mdalasini utiwe mzima au uvunjwe. Chumba hakijabadilika. Meza ni ileile ndefu iliyopigwa bati juu, rafu ni zilezile, dirisha ni lilelile dogo ambalo Shangazi hataki lifunguliwe kwa sababu ya vumbi, na pangaboi limefungwa kamba ya katani ili mtu asije akaliwasha kwa bahati mbaya. Kamba ile niliifunga mimi. Shangazi akachungulia akasema, "Ukishamaliza kushangaa humo njoo tufungue sanduku la mama, nguo zigawiwe kabla watu hawajatawanyika." Nikaitika naam, nikabaki. Kwenye mkoba nilikuwa nimelibeba daftari langu la mwaka ule, lenye jalada la buluu lililoliwa pembe, na sikujua nimelibebea nini. Humo ndani nimemwandika Bibi mambo ambayo nisingependa mtu yeyote wa uani ayasome.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na kwa kuwa nyumbani Mapinga sikuwa na la kufanya zaidi ya kulala na kuandika daftari, nikapelekwa kwa Shangazi kumsaidia msimu wa harusi. Shangazi alikuwa, na bado ni, fundi wa keki anayetafutwa mji mzima, na ana sharti moja ambalo limemfanya aaminiwe na limenifanya mimi nilie. Hatumii jelatini. "Siijui imetoka kwa mnyama gani," aliniambia siku ya kwanza, "na keki zangu wanakula watu wanaoswali." Basi fondanti yake, ile sukari inayokandwa mpaka ikawa laini kama unga wa chapati, ikatandazwa juu ya keki au ikafinyangwa maua, aliifungia kwa unga wa mwani, ule ambao Wahindi wanagandishia faluda. Alikuwa anaununua dukani kwa Mhindi kwenye pakiti ndogo za karatasi. Unga wa mwani ni halali hauna shaka, lakini fondanti yake ina roho nyepesi. Ukigeuka kukohoa, imeshaota ngozi. Ukienda kuswali ukarudi, imepasuka kama tope la jua. Kazi yangu ilikuwa moja, nayo Shangazi aliitaja kama vile ni kitu kidogo: "Wewe niwekee hii laini mpaka nimalize maua. Basi."

Nilifika wakati kaskazi inavuma, upepo mkavu unaoingia hata mahali ambapo hamna tundu, na ukurasa wa kwanza wa daftari kuhusu fondanti unasema: *Leo imekauka. Shangazi hakusema kitu, amefunga mdomo tu, ni vibaya kuliko angesema.* Ukurasa wa pili unasema imekauka. Wa tatu unasema imekauka na nimegundua ni pangaboi, nikalifunga kamba. Wa nne unasema imekauka tena. Kuna siku niliambiwa nitie glukosi, nikaenda duka la dawa nikanunua ile ya unga, ya kwenye kopo, wanayokoroga wagonjwa, nikaitia vijiko vinne. Ilikuwa inatakiwa glukosi nzito ya maji, inayovutika kama asali. Fondanti ikawa mchanga. Shangazi akaichota kwa vidole ikamwagika chini, akaniuliza, "Sasa hapa tumepata nini, Saida, sukari ya chai?" Nilitaka kumwambia kwamba hakunieleza ni ipi. Nilisema, "Samahani, Shangazi." Daftari lina nusu ukurasa wa yale niliyotaka kumwambia.

Ndivyo nilivyokuwa. Si kwamba sikuwa na maneno, nilikuwa nayo hadi yananiwasha, ila yalikuwa yanatoka mkononi tu, jioni, kwa kalamu. Wateja walikuwa wanakaa ukumbini na mimi niko nyuma ya pazia nakanda, wakadhani pazia ni ukuta. Mmoja alimuuliza Shangazi, "Huyo binti uliyemleta ni bubu?" Shangazi akamjibu, "Si bubu. Ni kama bomba letu la maji. Yapo, lakini ukae ungoje." Wakacheka. Nikaendelea kukanda. Mchana huo tulikula wali na samaki wa kupaka na Shangazi akaniwekea kichwa cha samaki, kipande anachopewa mtu anayependwa, nami nikakila nikiwa nimenuna, na hata kununa kwangu hakuna aliyekuona.

Aliyeniona ni Bibi. Bibi Mwanaidi alikuwa na chumba chake upande wa pili wa ua, na kila baada ya alasiri alikuwa anavuka ua taratibu, mitalawanda yake, viatu vya mbao, inagonga sakafu, anakuja kuketi kwenye kigoda mlangoni mwa chumba cha keki kunitazama. Hakuniita Saida. Aliniita mke mwenzangu, kama bibi wengi wanavyowaita wajukuu zao wa kike, kwa kuwa babu ni mume wetu sote. Babu alikwishafariki kabla sijazaliwa, lakini hilo halikumzuia. "Mke mwenzangu," angesema, "mume wetu jana kanijia ndotoni, kaulizia kama unajua kupika. Nimemficha." Nilikuwa ninatabasamu na kuinamisha kichwa. Wasichana wengine wa mtaa walikuwa wanajua kumjibu. Jirani yetu mmoja, msichana wa rika langu, alikuwa anapita mlangoni anamwambia, "Wewe ajuza, umeshazeeka, mume mwachie mwenye meno yake," na Bibi anacheka mpaka anashika ubavu. Utani ule una ruhusa yake. Ndani yake unaweza kumwambia mzee jambo lolote na adabu ikabaki mahali pake. Mimi nilikuwa naujua kwa kuusikia tu. Kila nikitaka kuuingia nilikuwa nachelewa, neno linakuja watu wameshahamia mazungumzo mengine.

Basi ikatokea siku nimekanda bonge zuri, la kwanza zuri tangu nifike. Nikalizungushia nailoni mara mbili kama Shangazi alivyonifundisha, nikalitia kwenye kopo, nikaenda kuoga. Niliporudi nailoni iko mezani imekunjwa vizuri, bonge liko kwenye sinia, juu yake kuna kitambaa kibichi kilichokamuliwa. Bibi yuko kwenye kigoda chake, ameridhika. "Unga unafungwa nailoni kama nyama ya soko?" akaniambia. "Nimekuhurumia, nikakufunikia." Kila mwanamke wa pwani anajua unga wa chapati na wa maandazi unafunikwa kitambaa kibichi usikauke. Hata mimi ningefanya hivyo. Lakini fondanti si unga, ni sukari, na sukari ikikutana na maji haiwi laini, inayeyuka. Nilipofunua, juu palikuwa pameshakuwa uji, na kitambaa kikanyanyuka na nyuzi nyeupe zinazoning'inia. Bibi akauliza, "Imekuwaje hiyo?" Nikasema, "Iko sawa, Bibi. Ahsante."

Ahsante hiyo nimeijutia kuliko neno lolote nililowahi kulisema. Shangazi alipokuja akaona uji ule akajua nimetia maji. Akaniuliza, "Umetia maji?" na Bibi alikuwa ameshaondoka kwenda kutia udhu. Nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kukawa ndiyo. Ningemsema vipi bibi yangu kwa binti yake? Kesho yake Bibi akafunika tena, kwa kuwa nilikuwa nimemshukuru. Keshokutwa vilevile. Daftari: *Amefunika tena. Amefunika tena. Kwani yule mzee haoni? Nitaificha.* Nikaanza kuificha. Niliiweka juu ya kabati, akaikuta, akaniambia, "Huko juu kuna joto, nimekushushia." Niliiweka ndani ya sufuria kubwa ya pilau, akaja kutafuta sufuria hiyohiyo. Niliiweka chini ya kitanda changu kwenye ndoo yenye mfuniko, na siku hiyo ndiyo aliyoamua kunifagilia chumba. Sijui kama alikuwa anaitafuta. Nadhani alikuwa anaipitia kama mtu anayepita kutazama mtoto aliyelala.

Matokeo yakatoka mwishoni mwa Januari, na mimi hayakunitosha. Sitaandika hapa nilipata nini. Baba akapiga simu, Shangazi akaiweka kwenye spika huku anapaka sinia mafuta, nikasikia yote: nirudi Mapinga, nitafutiwe mahali pa kusomea nirudie mitihani, maana kukaa kwa shangazi kukanda sukari si maisha. Nilikuwa nakanda wakati anasema hivyo. Shangazi akamwambia, "Kaka, subiri. Mfungo mosi nina harusi ya Nasra." Nasra alikuwa bibi harusi wa familia ya wafanyabiashara wa mji mkongwe, nyumba ya pili kutoka msikitini, na mama yake alikuwa ameagiza keki ya ngazi tatu, nyeupe yote, iliyovikwa vikuba. Kikuba ni kile kifungu kidogo cha asumini na majani ya rihani ambacho bibi harusi anabandikwa kifuani kinukie. Mama yake Nasra alitaka vikuba tisa na shada mbili ndefu za asumini, vyote vya sukari, vyembamba kama vya kweli. Shangazi akaendelea, "Maua ya keki ile nitampa Saida. Akiyaweza, nitakwambia mtoto ana kazi mkononi, umwache. Asipoyaweza nakuletea mwenyewe mpaka mlangoni." Akakata simu akanitazama. "Umesikia?" Nikaitikia kwa kichwa. "Sema kwa mdomo." Nikasema nimesikia.

Sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka kubaki kwenye chumba kile chenye dirisha lisilofunguliwa. Si kwamba nilikuwa napenda keki, utamu wake unanichosha hata leo. Nilipenda kazi ambayo mtu hahitaji kusema. Ua moja la asumini linataka punje ya fondanti ndogo kuliko kunde, unaichonga kwa ncha ya njiti, petali tano, unaigeuza, unaibana shina. Maua mia tatu na kitu kwa vikuba na shada. Yale yaliyokwisha yanatakiwa yakauke yawe magumu, lakini bonge unalochomoa punje zake lazima libaki laini kutoka ua la kwanza mpaka la mwisho, siku tatu nzima, la sivyo petali inakatika kabla haijakunjwa.

Mwezi wa Ramadhani kazi ya harusi inasimama, na mimi nikapata siku za kujaribu. Nilikanda nikiwa nimefunga, mikono imejaa sukari hadi kwenye viwiko na siruhusiwi hata kulamba kidole, nikawa napima kila kitu kwa kugusa na kwa kunusa. Ilinisaidia. Niligundua kijiko kimoja cha gliserini kinatosha, cha pili kinaifanya itoe jasho masika ikianza. Niligundua inabidi ilale usiku mzima kwenye nailoni ndipo ikandwe upya kwa mafuta ya kupikia ya mgando kidogo, kiasi cha kupaka kiganja tu. Na niligundua, kwa bahati, kwamba usifanyie kazi bonge zima: unakata kipande cha ukubwa wa ndimu, na kila unapochomoa punje unakifunika kwa kikombe cha kahawa kilichogeuzwa kifudifudi. Chini ya kikombe kile hewa haitembei. Kipande kinabaki laini saa nzima. Nilipomwonyesha Shangazi, akakibonyeza kwa kidole gumba, akakibonyeza tena, akasema, "Hii umejifunza wapi?" Nikainua mabega. Siku hiyo jioni wakati wa kufuturu alinimiminia uji wa pilipili manga kabla ya kujimiminia mwenyewe, na ukurasa wa daftari una mstari mmoja tu: *Imebaki laini.*

Lakini Bibi alikuwa bado anapita. Maua yangu ya kwanza ya majaribio, kama thelathini hivi, niliyapanga kwenye boksi la viatu nikaliacha rafuni. Siku ya pili nikakuta chumba kinanuka udi, na maua yamekuwa na rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Alikuwa ameweka chetezo chini ya rafu na boksi likiwa wazi juu yake, kama tunavyofukiza nguo za bibi harusi. Shangazi akaingia akanusa akauliza, "Nani kafukiza humu? Keki iliwe na ladha ya udi?" Bibi alikuwa amelala. Nikasema, "Sijui." Akaniambia niyatupe. Nikayatoa nje, nikayaweka kwenye ndoo ya taka, na nikaenda kuandika. Yale niliyoandika siku hiyo ndiyo nisiyotaka yasomwe. Nilitamani arudi kwa mwanawe mwingine Pangani. Nilitamani macho yake yazidi kufifia asiione rafu. Nilikuwa nimefunga.

Idi ikapita, tukaingia wiki ya harusi. Jumatatu na Jumanne nilichonga asumini mia mbili na kumi, nikazipanga kwenye masinia, zikakauka nyeupe safi. Mvua ilikuwa inanyesha kwa vipindi, hewa imejaa maji, lakini bonge langu lilikuwa ndani ya nailoni ndani ya kopo ndani ya kopo jingine, na nilipolifungua Jumatano asubuhi lilikuwa kama sikio la mtoto. Yalibaki maua ya vikuba vinne na shada moja. Saa za adhuhuri Shangazi akanituma kwa Mhindi kufuata uzi wa hariri. Sikukawia. Niliporudi mitalawanda ya Bibi ilikuwa mlangoni, na yeye amesimama mezani, makopo yote mawili yako wazi, na mkononi ana mrashi wake wa fedha, ule wa kurushia wageni marashi ya mawaridi. Bonge liko kwenye sinia limelowa chapachapa. Alikuwa analigeuza kwa kiganja ili lipate kila upande.

"Mke mwenzangu," akasema, hakugeuka hata, "asumini isiyonukia ni ya kazi gani? Watu watacheka. Watasema nyumba hii imekosa hata marashi."

Nimelifikiria sana neno ambalo ningeweza kulisema. Ningesema, wewe ajuza, umeona nitamchukua mume unaniharibia mahari. Angecheka, angenirushia marashi kichwani, angetoka, na ningeanza upya. Msichana jirani angelisema bila kufikiri. Mimi niliangalia sukari ile inavyoanza kung'aa na kulegea pembeni, na maneno ya miezi mitano yakatoka yote kwa mara moja, makavu, hayana utani hata chembe. "Bibi, usiguse vitu vyangu. Unaharibu. Kila siku unaharibu. Kila siku naambiwa mimi, na ni wewe."

Sikupiga kelele. Laiti ningepiga kelele, mtu angesema ni hasira. Nilisema kwa sauti ileile ninayosema samahani.

Bibi akauweka mrashi mezani. Akafuta kiganja kwenye kanga yake, upande mmoja, kisha upande wa pili, polepole, kama anayetaka kuhakikisha hajaondoka na sukari yangu. "Haya," akasema. Kisha akasema, "Sikujua, Saida." Akavaa mitalawanda yake, akavuka ua. Shangazi alikuwa jikoni anageuza keki, mlango uko wazi, alisikia kila kitu, na hakutoka.

Nilitupa bonge lile, nikakanda jingine, likalala usiku, na Alhamisi nikamaliza kila kitu alasiri. Lilibaki laini hadi ua la mwisho na kipande cha ziada juu yake. Keki ya Nasra ilikuwa nzuri. Hilo naweza kulisema bila aibu, ilikuwa nzuri hadi siku ya harusi wanawake walikuwa wanapeana zamu kusogea karibu. Nilikuwa nimesimama nyuma ya nguzo nikitazama. Mmoja wao, mtu mzima mwenye buibui la darizi, aliinama juu ya kikuba cha ngazi ya chini akavuta pumzi, kama tunavyofanya sote mbele ya asumini, akavuta tena, akamgeukia mwenzake. "Nzuri," akasema, "ila hazinukii." Wakacheka kidogo, si kwa ubaya.

Shangazi akampigia baba kesho yake. Nikabaki. Nilibaki mwaka mzima na miezi, nikajifunza kazi, na sasa hivi nina meza yangu Mapinga na wateja wangu, na fondanti yangu haijawahi tena kukauka kabla sijataka ikauke. Bibi hakuingia tena chumba cha keki. Hakununa. Kununa ningekujua, mimi ndiye mwenyewe. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, akaniuliza kama nimekula. Alihamishia kigoda chake kwenye mlango wa chumba chake, na alasiri aliketi huko. Na aliniita Saida. Kila aliponiita Saida nilikuwa nahisi kama nimeitwa na mwalimu.

Nilijaribu kurekebisha, na hapo ndipo ninapojikasirikia zaidi, kwa sababu hata kurekebisha nilitaka kufanya bila kusema. Siku moja niliweka bonge la fondanti kwenye sinia, nikalifungua nailoni, nikaenda kuliweka kwenye baraza dogo karibu na miguu yake, na kitambaa kibichi pembeni, nimekikamua vizuri. Nikajifanya naenda kuanua nguo. Nilikuwa tayari liyeyuke lote. Nilikuwa natamani liyeyuke. Niliposimama nyuma ya shuka kwenye kamba nilimwona analitazama bonge, analitazama kitambaa. Akavuta miguu yake ndani ya kanga isije ikaligusa sinia. "Saida," akaita, "njoo uondoe mali yako, mwanangu. Jua litaiharibu." Nikaja nikaiondoa. Nilikuwa nimekaribia kiasi cha kuona vidole vyake, na neno mke mwenzangu lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikasema, "Ahsante, Bibi."

Juzi, basi, nikatoka chumba cha keki na daftari bado liko mkobani, nikamkuta Shangazi amepiga magoti mbele ya sanduku. Kanga zilikuwa zimepangwa jozi kwa jozi, buibui la zamani, shali aliyoletewa kutoka Maka. Shangazi alikuwa anaita jina la mtu kwa kila nguo, nami nakunja naweka kwenye mafungu. Chini kabisa, ndani ya kitambaa cha kichwa kilichofungwa fundo, kulikuwa na kitu kinachogongana kama kete za bao. Shangazi akafungua fundo. Asumini, thelathini hivi, za rangi ya meno, zile nilizozitia mwenyewe kwenye ndoo ya taka. Hakuna iliyovunjika. Sanduku zima lilikuwa linanuka udi, na sikuweza kujua kama nguo zimenukishwa na maua au maua na nguo.

"Mama naye," Shangazi akasema, akaokota moja akaigonga kwenye ukingo wa sanduku, ikalia kama jiwe. "Hizi si za kwako? Nilikwambia utupe." Akanitazama. "Alikueleza kitu kuhusu hizi?"

Nilikuwa nimeshaitia moja mdomoni. Ilikuwa ngumu kama kokoto, petali zake bado zina makali, na ladha iliyotangulia haikuwa sukari, ilikuwa udi mtupu. Shangazi alikuwa anangoja nijibu. Uani walikuwa wanamwita aje aonje chumvi ya pilau, akaitika anakuja, na hakuondoka, ananitazama. Nilikuwa na la kumwambia, na kwa mara ya kwanza nilikuwa tayari kulisema lote, kitambaa, chetezo, mrashi na baraza. Nikanyoosha kidole kumwomba asubiri kidogo, kwa sababu ua lilikuwa bado halijaanza kulainika, na sikutaka kulitema.